Mshono Hubaki

Mpelekee fundi cherehani wa Bariadi suruali aliyoipunguza mwaka juzi. Hataitazama kwa mbele kama unavyoitazama wewe. Ataigeuza ndani nje, atapitisha ukucha juu ya upindo, ataisogeza kwenye mwanga, kisha atakwambia kama ni kazi ya mkono wake au ya jirani yake. Anachokitafuta ni vitu ambavyo mvaaji hajawahi kuviona: hatua za sindano zimekaribiana kiasi gani, mwisho wa mshono umerudiwa mara mbili au mara tatu, uzi wa juu ni wa bluu na wa bobini ni mweusi kwa sababu siku ile wa bluu uliisha. Mteja alilipa, akavaa, akasahau. Mkono wa fundi una mazoea yake, na mazoea hayo hukaa kwenye kitambaa kama mwandiko kwenye daftari.

Nauheshimu sana ujuzi huu. Na ipo saa ambayo thamani yake hupita mbali malipo ya kupunguza suruali: pale mabaki ya mtu yanapokutwa porini au kando ya mto, sura imeshaondoka, kitambulisho hakuna, na kilichobaki cha kumsemea ni nguo.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa 2012 wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni nchi ya pamba. Mtu aliyekulia huku ameishika pamba shambani kabla hajaijua dukani. Pamba hiyo ina tabia moja ambayo wachunguzi wa mabaki wanaijua vizuri: ardhini haidumu. Ni mmea, na vijidudu vya udongo huila kama vinavyokula majani. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, shati la pamba linaweza kuisha kwa miezi. Lakini mafundi wengi siku hizi wanashonea uzi wa poliesta, na poliesta vijidudu hivyo haviiwezi. Kitambaa kinakwisha, uzi unabaki. Mchimbaji mwenye subira anaweza kukuta mistari ya mshono imelala kwenye udongo, ikifuata bega, ubavu na kola ya shati ambalo halipo tena. Kando yake hubaki zipu, vifungo, mpira wa kiuno, lebo. Anayechimba kwa jembe na haraka huvichota vyote pamoja na udongo akavimwaga.

Lebo ndiyo huvutia macho kwanza, nayo ndiyo hupotosha. Nguo nyingi tunazovaa zimetoka kwenye marobota ya mitumba. Lebo ya Kijerumani haina maana kwamba marehemu alifika Ujerumani. Inatupa habari za mtu aliyelivaa shati kabla yake. Yanayomhusu marehemu ni yale yaliyolipata shati baada ya robota kufunguliwa: kola iliyogeuzwa ilipochakaa, kifungo cha tatu kisichofanana na wenzake, kiraka cha goti kilichokatwa kwenye kitenge, mfuko wa siri ulioshonwa ndani ya kiuno kwa ajili ya fedha za ng'ombe siku ya mnada. Nguo ya kiwandani huzaliwa na pacha maelfu. Ikishapita kwa fundi, kwa mama na kwa mke, inakuwa peke yake duniani. Hata katambuga zilizokatwa kwenye tairi zina mwenyewe: aliyezitengeneza anajua misumari yake alivyoipanga, na kisigino kilivyolika upande mmoja kinamkumbusha mwanakijiji mwendo wa mtu fulani.

Ndiyo maana husononeka ninaposikia tangazo la mwili usiofahamika likieleza tu kwamba marehemu alivaa suruali nyeusi na fulana. Kila nyumba kuanzia Mwanhuzi hadi Lamadi ina suruali nyeusi. Tangazo kama hilo haliwezi kumfikia mama yake, kwa sababu mama hamjui mwanawe kwa rangi ya suruali. Anamjua kwa pale alipoichana kwenye waya wa senyenge, na mama mwenyewe akaishona usiku kwa uzi mweupe kwa kukosa mweusi.

Na khanga! Doti huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyoungana, kisha hukatwa na kupindwa. Mwanamke akitoka amejifunga kimoja, cha pili mara nyingi kimebaki nyumbani sandukuni. Vilaze vipande hivyo pamoja: jina lilelile, rangi ileile, maua yaleyale. Maji huharibu sura upesi kuliko yanavyoharibu khanga, na watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua hilo kwa machozi. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati la Bwisya kisiwani Ukara, walikufa watu zaidi ya 220, na ndugu walilazimika kuwatafuta wao mmoja mmoja katikati ya miili iliyotolewa ziwani.

Kazi ninayoifikiria mara nyingi zaidi ilifanyika Kibuye, Rwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa Katoliki la pale waliuawa. Kuanzia mwishoni mwa 1995 hadi mapema 1996, wataalamu wa shirika la Physicians for Human Rights, chini ya William Haglund, walifukua kaburi la pamoja kwa ajili ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao Arusha. Walitoa miili 493. Miongoni mwa wafukuaji alikuwa Clea Koff, binti wa mama Mtanzania na baba Mmarekani, akiwa na miaka 23. Baadaye aliandika kitabu, The Bone Woman, kilichotoka 2004, na humo anaeleza siku ya nguo: mavazi yaliyotolewa kwenye miili yalifuliwa, yakatandazwa hadharani, na manusura wakaalikwa waje kuyatazama.

Ifikirie kazi ya kufua nguo za namna hiyo. Huwezi kusugua, kwa sababu ukisugua kiraka kinang'oka na kumbukumbu ya mtu inakwenda na maji. Tope linalegezwa polepole. Unakunjua mfuko bila kuuchana, unakagua upindo kwa vidole kabla ya macho, unaandika namba, na namba hiyo isiachane na mwili wake hata kwa dakika moja, maana gauni lililopotezana na mwili wake ni kitambaa tu. Kisha unalitandaza kama lilivyokaa mtu akiwa ndani yake, mikono imenyooshwa, ili anayepita aone umbo. Kufua kunakojulikana na kila mama wa Kiafrika kunageuka kuwa kazi ya mahakama. Sijui kazi ya mikono inayostahili heshima kuliko hiyo.

Waliotambuliwa Kibuye walikuwa wachache mno. Wengi ambao wangeweza kusema "hili sweta nilimfumia mimi" walikuwa wamelala kaburi lilelile.

Huko Bosnia, baada ya mauaji ya Srebrenica ya 1995, nguo na vitu vya waliofukuliwa vilipigwa picha, picha zikatengenezewa vitabu, na familia zikavifungua ukurasa kwa ukurasa. Wapo wanawake waliowajua wanaume wao kwa mshono wa kiraka walichokitia wenyewe.

Wasio wataalamu nao wana nafasi yao, na hapa namkumbuka Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani wa Tennessee, Marekani. Mwaka 1968 baba wa msichana ambaye baadaye angekuwa mkewe aliokota kando ya barabara huko Kentucky mwili wa mwanamke uliofungwa kwenye turubai. Polisi walimkadiria kuwa binti wa chini ya miaka 20. Alikuwa na kitambaa cheupe, kikadhaniwa ni taulo. Matthews alihangaika na habari hiyo miaka kumi, jioni baada ya kazi, na ile hoja kwamba kitambaa kile ni nepi ya mtoto ilibadilisha kila kitu: basi huyu ni mama, basi ni mkubwa kuliko alivyokadiriwa, basi asitafutwe kati ya wanafunzi waliotoroka. Mwaka 1998 alikuta tangazo la familia iliyokuwa inamtafuta dada yao. Mwili ukafukuliwa, vinasaba vikalingana. Alikuwa na miaka 24, na mtoto mchanga. Karibu miaka 30 alilala kaburini bila jina lake.

Huko Milan, Italia, Profesa Cristina Cattaneo na wenzake wamekagua mavazi ya wahamiaji waliokufa Bahari ya Mediterania. Ndani ya koti la kijana wa Mali mwenye umri wa miaka 14 hivi walikuta ripoti yake ya shule imeshonewa humo. Kwenye fulana ya mwingine kulikuwa na kifurushi kidogo walichodhani ni dawa za kulevya. Kilikuwa na udongo wa kwao Eritrea. Kumbe hata kule mkono uliopitisha sindano ndio uliohifadhi habari, kama mfuko wa siri wa mchuuzi wetu wa ng'ombe.

Msomaji anayejali ukweli atauliza: nguo haidanganyi? Hudanganya. Watu huazimana mashati, marehemu huvuliwa akavalishwa nyingine, na ndugu mwenye uchungu huona anachotamani kuona. Fundi mwenye adabu ya kazi yake hasemi "huyu ni fulani." Husema "suruali hii niliipinda mimi, nilimpindia kijana wa kwa fulani," kisha anaishia hapo. Kutoka hapo ni kazi ya vinasaba, ambavyo Tanzania imevitungia sheria tangu 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza. Lakini vinasaba lazima vilinganishwe na vya mtu fulani. Maabara haiwezi kuita koo zote za Usukuma zitoe mate. Kinachopunguza nyumba elfu hadi nyumba moja ni kiraka.

Usukumani watu wamezoea kufuata alama. Sungusungu, walinzi wa vijiji wenyewe, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifuata kwato za ng'ombe walioibwa toka kijiji hadi kijiji, na jicho lile halijafa. Naomba lielekezwe na huku. Ukikuta mabaki ya mtu, usiyaguse. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, waitwe polisi. Wewe askari unayeandika maelezo, geuza nguo ndani nje kabla hujaandika rangi: andika upindo, kiraka, kifungo kigeni, rangi ya uzi wa chini, na upige picha. Kabla ya tangazo, ipeleke picha hiyo kwa mafundi wa mnada na washona viatu wa eneo lile. Na wazee mnaosimamia maziko ya asiyefahamika, tafadhali msichome nguo zake wala msimzike nazo kabla polisi hawajazichukua. Zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi wala si mfuko wa plastiki, maana plastiki huleta ukungu. Bahasha iandikwe tarehe, mahali na namba ya kaburi. Yupo mtu anayeujua mshono ule.