Usimsake Mtafsiri Mmoja wa Lugha Tatu

Mwenye nyaraka za Kijapani anazotaka zisomeke kwa Kiingereza na Kifaransa aghalabu huanza kumsaka mtu mmoja anayezimudu lugha zote tatu. Hapo ndipo anapokosea. Lugha tatu zina njia sita za kutafsiri, na mtafsiri makini wa kujitegemea hushika moja au mbili, tena akielekea lugha aliyokulia. Pendekezo la UNESCO kuhusu watafsiri, lililopitishwa Nairobi mwaka 1976, linataka hivyohivyo: mtu atafsiri, kadiri iwezekanavyo, kwenda lugha yake ya kwanza au anayoimudu sawa na hiyo, na kazi itoke kwenye matini chanzi. Kwa hiyo msako wenyewe ugawanywe. Wa Kiingereza atafutwe kupitia JAT, chama cha watafsiri cha Japani kilichoanzishwa 1985. Wa Kifaransa, kupitia SFT, chama cha watafsiri cha Ufaransa kilichopo tangu 1947. Mitandao ya zabuni ina watu tele, lakini huko sifa nyingi huwa ni za kujiandikia.

Wapo watakaosema kwamba Kijapani kwenda Kifaransa ni ghali, kwa hiyo Kiingereza kiwe daraja. Hoja hiyo si ya kubezwa: mwandishi wa Kijapani Mishima mwenyewe alitaka riwaya zake zifike Ufaransa kupitia Kiingereza. Hata hivyo, mwaka 2019 kampuni ya uchapishaji ya Gallimard ilitoa tafsiri mpya ya riwaya yake Confession d'un masque, iliyofanywa na Dominique Palmé moja kwa moja kutoka Kijapani, baada ya ile ya 1971 iliyopitia Kiingereza. Sababu ya kuepuka daraja hilo imo katika sarufi. Kijapani mara nyingi hakimtaji mtenda, na heshima hukaa ndani ya kitenzi. Kiingereza humtaja mtenda na sehemu kubwa ya heshima hupotea. Kifaransa, chenye namna mbili za kumsemesha mtu, kingeweza kuihifadhi kiasi, ila mtafsiri wa pili hana tena pa kuiona. Na uhaba wenyewe umetiwa chumvi: Ufaransa ni miongoni mwa masoko makubwa ya katuni za manga nje ya Japani, na soko hilo limewapa kazi watafsiri wengi wa Kijapani (ingawa bingwa wa manga si lazima awe bingwa wa hataza).

Ukishampata mtafsiri, mpe ukurasa mmoja wa majaribio, na umlipe. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinadai tafsiri ipitiwe na mtu mwingine asiye mtafsiri wake. Bajeti ikiwa finyu, punguza kurasa. Huyo mpitiaji abaki.