Breki za Diski kwenye Land Rover 109: Nimeiona Kilwa, Nimeipanda, Nimeamini!

Nimeiona kwa macho yangu! Land Rover 109 Series III imeegeshwa hapa Kilwa, Haut-Katanga, hatua chache kutoka Ziwa Mweru, na mbele ina breki za diski. Diski kabisa, zinang'aa ndani ya rimu za inchi 16, na kalipa zimekaa juu yake utadhani ni kiwanda cha Solihull kilichozifunga. Kumbe sivyo. Land Rover za Series zilitoka na dramu magurudumu yote manne, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948 hadi Series III ilipokoma mwaka 1985. Diski za mbele zilikuja na One Ten mwaka 1983. Kwenye gari hili kalipa zinashikwa na braketi mbili zilizochongwa na fundi wa hapa hapa, na hizo braketi ndizo zilizonitoa nyumbani.

Aliyewahi kuendesha kutoka Lubumbashi kupitia Kasenga hadi Kilwa, kilometa kama 350, ataelewa kwa nini nina furaha namna hii. Mvua ikianza Novemba barabara inageuka uji, na huachani na madimbwi mpaka Aprili. Dramu ikishaingia maji, hayatoki upesi. Unakanyaga pedali, viatu vinateleza, na gari linaendelea na safari zake huku nyuma kuna magunia ya dagaa wa chisense na abiria juu ya magunia. Kiangazi nacho kina balaa lake: ukifunga breki mara kwa mara na mzigo mzito, dramu inapata moto, inatanuka, inavikimbia viatu vyake, na pedali inazama chini ya mguu. Diski haina mambo hayo. Inazunguka wazi, inayatupa maji pembeni, pedi zinaipangusa, na joto linakwenda na upepo. Wala si jambo geni: Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902, na mwaka 1953 Jaguar ilishinda Le Mans kwa diski za Dunlop. Gari la kazi la Kilwa limesubiri vya kutosha!

Sasa njooni kwenye braketi yenyewe, maana hapa ndipo roho ya kazi ilipo.

Wengi hufikiri braketi ni kishikizo tu, kalipa isidondoke. La hasha. Diski ikibanwa, inataka kuizungusha kalipa pamoja nayo, na kinachoikataza ni kile kipande cha chuma. Hebu tupige hesabu. Gari lenye uzito wa tani mbili na nusu likifunga breki kwa nguvu kwenye ardhi kavu, matairi yanaweza kuhitaji kuzuia nguvu kama ya tani moja na nusu. Theluthi mbili ya hiyo inaangukia mbele, yaani nusu tani kila gurudumu. Lakini tairi lina nusu kipenyo cha karibu sentimeta 38, na pedi inaibana diski sentimeta 12 tu kutoka katikati. Nguvu inazidishwa mara tatu na zaidi. Kila braketi inabeba tani moja na nusu! Kipande unachoweza kukishika kwa mkono mmoja! Nilipoimaliza hesabu hii nilikitazama kile chuma kwa heshima mpya kabisa.

Na fundi anaijua hesabu hiyo hata kama hakuiandika. Alianza na katoni ya samaki thomson. Aliikata, akaibandika kwenye kichwa cha ekseli pale ambapo bamba la nyuma la dramu lilifungwa, akatoboa nafasi za bolti sita zile zile za kiwandani, kisha akachora sikio linalotoka nje kwenda kuipokea kalipa. Alikata, akapima, akakata tena. Katoni ilipokubali ndipo alipogusa chuma: bamba la chuma laini la milimita 12, kipande kimoja, hakuna kiungo cha kuchomelea hata kimoja.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia springi ya zamani ya lori, maana ndiyo chuma kinachopatikana kila gereji.

"Papa, ile ni ngumu lakini inapasuka," alinijibu. "Hii laini itapinda kwanza. Ikipinda, utaona."

Jibu la dhahabu! Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichomelea bila kukipasha moto sawasawa, pembeni ya weldi kinakuwa kikavu na ufa unaanza kimya kimya. Hapa hakuna weldi, kwa hiyo hakuna pa kuanzia. Nilipitisha kidole ukingoni mwa sikio: limeviringwa lote. Pale sikio linapokutana na pete ya zile bolti sita hakuna kona kali, kuna mkunjo mpana uliopigwa tupa mpaka alama za grainda zikapotea. Kona kali ndiyo mlango wa ufa, na fundi huyu amefunga milango yote. Matundu ameyatoboa kwa drili, hakuyapanua kwa moto. Bolti za kalipa zina alama 10.9 kichwani, na vichwa vimetobolewa na kufungwa pamoja kwa waya, ili moja ikitaka kulegea, mwenzake aikaze. Ni kazi ya kiwango cha ndege, na inafanyika chini ya mwembe kwa umeme wa jenereta!

Diski zenyewe zilitoka kwenye Toyota. Zilipelekwa Lubumbashi kwa fundi wa kukereza, zikapanuliwa tundu la katikati na kutobolewa upya zikae kwenye habu ya Land Rover. Ziliporudi zilipimwa hapa kwa namna iliyonifurahisha sana: waya uliochongwa ncha, umefungwa imara kwenye ekseli, ncha inakaribia uso wa diski, kisha gurudumu linazungushwa polepole. Nafasi ikibaki ile ile mzunguko mzima, diski haiyumbi. Nilipiga magoti nikatazama. Mwanga ulipita sawa mwanzo hadi mwisho. Na kalipa imekaa katikati ya diski, pedi ya ndani na ya nje zikiwa na umbali mmoja. Braketi ikikosea milimita mbili hapo, pedi zitalika upande na pedali itakuwa laini kama sifongo.

Upande wa oili ya breki naupitia haraka, ila usiuruke. Kalipa hunywa oili nyingi kuliko silinda za dramu, kwa hiyo masta imebadilishwa, na imewekwa serivo, kwa sababu diski haijisaidii kujibana kama viatu vya dramu. Mifumo mingi ya dramu ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba. Kwa upande wa diski lazima kitoke, la sivyo pedi zitasugua safari nzima. Oili ni DOT 4 mpya. Ikiwa mpya huchemka nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Kando ya ziwa, unyevu haukosekani.

Halafu nikapanda!

Tulitoka mjini kwenye laterite kavu, mwendo wa 60, nyuma kukiwa na mifuko ya saruji. "Kanyaga, papa, usiogope." Nikakanyaga. Jamani! Pua ilishuka, usukani ulibaki umenyooka mkononi, na gari likasimama. Halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia. Mwenye Land Rover ya dramu anajua ile bahati nasibu ya kutafuta ni gurudumu lipi litashika kwanza. Hapa yote mawili yalishika pamoja. Tukapita kwenye dimbwi lililofika kwenye habu, nikakanyaga tena mara tulipotoka. Breki ilikuwepo, papo hapo! Nilicheka kwa sauti.

Ina kasoro? Ndiyo. Diski haina bamba la kuikinga na mawe, na kwenye barabara hii jiwe likinasa kati ya diski na kalipa litachora. Bomba la mpira la kushoto linakaribia tairi usukani ukikatwa mpaka mwisho. Fundi amekubali kulihamisha, na mimi nisingesafiri kabla hajalihamisha. Nyuma bado ni dramu. Zikifikiwa nazo, hendibreki haitaguswa, maana kwenye Series imefungwa nyuma ya gia boksi, si kwenye magurudumu.

Hukumu yangu: hakuna fedha utakayoitia kwenye Land Rover ya zamani itakayokulipa kuliko hii. Acha taa za juu, acha rimu pana, anza na breki. Na ukimpata fundi wa kukutengenezea, mwambie akuonyeshe braketi kabla hajaipaka rangi. Kagua kona, tafuta weldi, soma alama za bolti. Ukishatembea kilometa 100 za kwanza, simamisha gari, ingia chini na spana, uzipitie bolti zote moja moja.