Mambo Msiige: Jina, Nyumba na Hoteli

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ufukweni Shangani, ipo nyumba ambayo jina lake ni sentensi. Mambo Msiige ilijengwa na Salim al-Harthi kati ya 1847 na 1850. Masimulizi yasema kuwa mayai mengi yalitiwa katika chokaa ya kuta zake, na kwamba jina lilitokana na ubadhirifu huo. Wamisionari wa UMCA walikaa humo katika miaka ya 1860. Baadaye ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali. Mwaka 2015 ilifunguliwa kuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt.

Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa kabla ya kuta. Kitenzi chake ni katazo, nacho chaelekezwa kwa nafsi ya pili wingi. Mtu angetazamia kiambishi cha yambwa, yaani “msiyaige”. Kimeachwa, na jina likapata ukali wa methali. Msomaji wa Miti au Bukavu, ambaye kinywani mwake kiambishi cha nafsi hiyo ni mu-, hahitaji kamusi. Anaambiwa yeye na wenzake wote wapitao njiani. Ni jina la nyumba ya mtu binafsi, lakini wasikilizaji wake ni umma.

Hapo ndipo penye kasoro ya uhifadhi huu. Kando ya nyumba limejengwa jengo jipya la hoteli, na jengo hilo la juzi limepewa jina la Zamani. Katazo la kuiga limepuuzwa hatua chache kutoka lilipotamkwa, na neno la wakati limegeuzwa kibandiko cha biashara. Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyouingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ilieleza wasiwasi wake juu ya mradi huo.

Watetezi wa hoteli husema kwamba pasipo fedha hizo nyumba ingalianguka. Hoja hiyo si nyepesi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kubaki mikononi mwa serikali, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakafa. Mali ya umma isiyotunzwa huua. Hata hivyo, watetezi hao huhesabu mawe tu. Kuta za Mambo Msiige zimesimama, lakini umma uliokuwa ukisemeshwa na jina lake sasa huitazama kutoka nje, isipokuwa aliye na uwezo wa kulipa.

Bukavu nayo ina nyumba za enzi ya Costermansville, nyingine zikibomolewa ili viwanja vikatwe na maghorofa yapande. Wanaodai zihifadhiwe kwa kukabidhiwa wenye mitaji wangefanya vyema kutaja, katika mkataba wenyewe, ni mlango upi utakaobaki wazi kwa wakazi, na kwa saa ngapi.