Maswali 36 na Mtu Mwenye Haya

"Mambo?" "Poa." "Za shule?" "Safi tu." "Niambie." "Nikuambie nini sasa?"

Hapo ndipo chati nyingi za vijana wa sekondari hufia. Aliyeanzisha hubaki akizitazama tiki mbili za bluu na kujilaumu kwamba hana maneno, kumbe kilichomwangusha ni aina ya maswali aliyouliza. Salamu zetu zina majibu yaliyokwisha kuandaliwa. Anayesalimiwa hahitaji kufikiri wala kutoa chochote cha kwake, na kwa mwenye haya hilo ni kimbilio. Atajibu "poa" hata kama usiku kucha alikuwa akilia. "Niambie" nayo humtwika mzigo wote kwa mkupuo: atafute mada, aianze yeye, kisha asubiri kuhukumiwa kwa alichokichagua. Mwenye haya akiona hivyo hujifunika shuka akalala.

Katikati ya salamu na "niambie" kuna njia iliyowahi kupimwa kwa makini. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, alichapisha pamoja na wenzake wanne, akiwamo mkewe Elaine Aron, utaratibu wa kuwafanya watu wasiojuana wajisikie karibu ndani ya dakika 45. Wanafunzi wa chuo waligawanywa wawiliwawili wakapewa maswali 36 katika mafungu matatu, kila fungu maswali 12. Mmoja anasoma swali, wote wawili wanalijibu, kisha zamu ya kusoma inahamia kwa mwingine. Baada ya dakika 15 wanaambiwa waende fungu linalofuata, wawe wamemaliza au hawajamaliza. Jozi nyingine zilipewa maswali ya soga za kawaida, kama vile zawadi nzuri kuliko zote ambayo mtu amewahi kupewa. Mwishoni kila mmoja alipima ukaribu anaouhisi kwa mwenzake, na waliopitia maswali 36 walionekana kuwa karibu zaidi kuliko waliopiga soga.

Umaarufu ulikuja baadaye, mwaka 2015, pale mwandishi Mandy Len Catron alipoeleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyoyajaribu maswali hayo na mwanaume aliyefahamiana naye juujuu tu. Tangu hapo watu wengi huyachukulia kama dawa ya mapenzi. Utafiti wenyewe haukudai hivyo. Ulipima ukaribu wa muda mfupi, na jambo lenye faida kwa kijana ni kuutazama ulivyojengwa.

Kwanza ni ngazi. Fungu la kwanza halimwombi mtu siri yoyote: angependa kumwalika nani kwa chakula, siku nzuri kabisa kwake ikoje. La pili linaingia kwenye kumbukumbu na urafiki. La tatu ndilo linalouliza mara ya mwisho ulilia lini, au linakutaka ueleze tatizo lako na kumwomba mwenzako ushauri. Kijana anayemzimia mwanafunzi mwenzake mara nyingi huruka kutoka "za shule" mpaka "unanionaje?", na mwenye haya, akiwa hajakanyaga ngazi hata moja, anajikuta amesimamishwa darini.

Katika fungu la kwanza limo swali linalostahili kuchunguzwa peke yake. Linauliza kama mtu, kabla ya kupiga simu, hufanya mazoezi ya atakachosema, na kwa nini. Linagusa haya yenyewe bila kuitaja. Halisemi "mbona mkimya hivyo?", neno ambalo mkimya amelisikia tangu chekechea na ambalo halijawahi kumfungua mdomo. Linauliza kuhusu kitabia kidogo ambacho hata mcheshi wa darasa anacho, na anayeuliza naye lazima ajibu. Kwenye chati linaweza kuja hivi: "Ukitaka kumpigia mtu simu, huwa unapanga kwanza cha kusema? Mimi hupanga mpaka nikipokelewa nasahau salamu." Muulizaji ametangulia kujianika, na sasa mwenzake ana kitu cha kushika.

Tuseme jibu ni, "Nikimpigia baba tu." Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanakimbilia swali la pili walilojiandalia. Jibu fupi kama hilo limebeba mlango: kwa nini baba tu? Ila "kwa nini" inaweza kusikika kama mahojiano ya polisi, na huenda nyuma yake kuna habari za nyumbani zisizotakiwa kuguswa mapema. "Kwa baba unaanzia wapi?" ni swali jepesi zaidi. Linampa nafasi ya kusimulia kichekesho au kufungua jambo zito, na uamuzi unabaki kwake.

Nguzo ya pili ni zamu. Mwaka 2013 Susan Sprecher na wenzake walilinganisha watu waliojieleza kwa kupokezana na wengine ambao mmoja alizungumza kipindi kizima huku mwenzake akisikiliza, kisha wakabadilishana. Waliopokezana walipendana zaidi. Kumhoji mtu mwenye haya maswali kumi mfululizo, hata yawe matamu vipi, ni kumweka kizimbani. Na kuandika aya ndefu juu ya nafsi yako ni kumgeuza hadhira.

Matokeo mawili ya Aron yanapaswa kuwatuliza vijana wengi. Kuwapanga pamoja watu wasiotofautiana katika mambo waliyoyaona muhimu hakukuongeza ukaribu kwa kiwango cha kuonekana. Kuwaaminisha kwamba watapendana nako hakukuongeza. Basi yule anayehangaika kusikiliza nyimbo asizozipenda ili afanane na anayemtamani anajitesa bure. Aidha, katika sehemu ya tatu ya utafiti, watu wasio wachangamfu waliambiwa wazi kwamba kazi yao ni kujenga ukaribu, na hilo liliwasaidia kufika walipofika wachangamfu. Kutokuwa mchangamfu si sawa kabisa na kuwa na haya, lakini kuna la kujifunza: mchezo unaotangazwa humpunguzia mtu hofu ya kubahatisha mwenzake anataka nini. "Tuulizane maswali mawili kila jioni, moja lako, moja langu" ni tangazo la kutosha.

Wazee wa pwani walikuwa na mchezo wa namna hii. Anayesema "Kitendawili!" anapewa "Tega!", na aliyeitikia tayari amekwisha kuingia mazungumzoni. Akishindwa kutegua, hatoki kwa aibu. Anatoa mji, anapewa jibu, mchezo unaendelea. Mtoto asiyethubutu kuzungumza mbele ya wakubwa aliweza kutega, kwa sababu maneno yalikuwa yameshapangwa na zamu ilikuwa yake kwa haki.

Kuna mambo ya maabara yasiyofaa kuhamishiwa kwenye simu. Washiriki wa Aron walikuwa wanafunzi wa chuo walioketi ana kwa ana. Maswali ya fungu la tatu hayafai kuandikwa na mtoto wa miaka 15 mahali ambapo skrinshoti moja inaweza kuzunguka darasa zima. Na majibu ya neno moja, siku baada ya siku, bila swali hata moja la kurudishiwa, huenda si haya tena. Huenda huyo hataki, naye ana haki ya kutotaka bila kutoa sababu.

Lakini ile kanuni ya dakika 15 inahamishika bila shida. Watafiti walilikata fungu hata kama maswali yamebaki. Kijana naye anaweza kuaga mazungumzo yakiwa bado ya moto, kabla hayajarudi kwenye "poa" na "sawa", halafu kesho yake akaanzia kwenye simu ile ya baba.