Ernst May na Nyumba ya Ngamiani

Katika mafundi wa kuchora majengo waliopata kuishi Afrika ya Mashariki, ni wachache sana waliokuwa na jina duniani kama Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Huko kwao, baina ya 1925 na 1930, alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanya kazi. Kisha akenda Urusi kupanga miji ya viwanda, mmojawapo Magnitogorsk, mji wa chuma. Alipomaliza huko, Ujerumani imekwisha shikwa na Hitler, naye mwaka 1934 akaja Tanganyika akalima karibu na Arusha. Baadaye akairudia kazi yake, akajenga Nairobi, Mombasa na Moshi, mpaka alipoondoka mwisho wa 1953.

Reli yetu iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na huko Moshi ndiko liliko jengo lake la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ni jengo la kusifiwa. Lina maduka, ofisi, ukumbi na vyumba vya wageni, na mpaka leo haliudhi macho. Mimi naona sababu si ufundi wake peke yake. Hapo mwenye jengo alikuwa Mwafrika, fedha ni zake, na anajua analolitaka.

Tazama sasa alipotakiwa kumjengea Mwafrika asiyeulizwa. Mnamo 1945 alibuni nyumba ya vipande vya saruji vya kutengenezwa kiwandani, vinavyoangikwa kimoja kwa kimoja, kuta zikipinda mpaka zikakutana juu mfano wa msonge. Werevu umo, wala hapana wa kuukataa. Lakini nyumba hiyo haikuenea. Na katika mpango wake wa kuupanua mji wa Kampala, uliotoka mwaka 1947, makazi yaligawanywa kwa rangi za watu, Waafrika wakawekwa upande wa Naguru, na makazi yakawa ni chuo cha kumpandisha Mwafrika daraja kwa daraja mpaka aweze kukaa kama Mzungu. Yaani alidhani anaandika juu ya karatasi tupu.

Na karatasi haikuwa tupu! Wakati huo huo Tanga ilikuwa mji wa bandari, reli na mkonge, na Ngamiani, mtaa uliopimwa kwa mistari iliyonyooka hata barabara zake zikaitwa kwa hisabu, ilikwisha jaa makuli, mafundi wa reli na wachuuzi. Walikaa katika nyumba ambayo hakuna ajuaye aliyeichora: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, ua nyuma. Kuta ni boriti na fito, udongo na chokaa. Juu makuti, baadaye mabati.

Nyumba hiyo ilifanya kazi ambayo wakuu wa miji walikuwa wakiihangaikia. Ajaye kutoka bara alipanga chumba kimoja, akakaa pamoja na mwenye nyumba, akajifunza mji. Mjane aliyeachiwa nyumba alikula kodi ya vyumba viwili pasina kutoka kwenda kuomba. Mgeni alipigia hodi barazani na hapo hapo akakaribishwa, asione ndani. Na sote twajua lililoamrishwa katika Suratun-Nur juu ya kuingia nyumba za watu. Uani wanawake walipika, wakafua, wakasukana, wakazozana pia, na jicho la njiani halikuwafikia. Mwenye nyumba akifa, warithi walijua mwezi huu kodi ya chumba gani ni ya nani (ingawa kesi hazikukosekana).

Simsemi May ili kumtukana maiti. Alikufa mwaka 1970, na katika jua na upepo alikuwa na elimu ambayo wengi wajengao sasa hawanayo. Nasema kwa sababu kosa lile lile tunalifanya wenyewe. Nyumba za Ngamiani zinauzwa na kubomolewa, na mahali pake panapanda ghorofa zilizojaza kiwanja chote kutoka njia hata njia. Baraza imekuwa mlango wa duka. Nguo za ndani zinaanikwa barabarani, na dirisha la jiko linatazamana na kitanda cha jirani. Safari hii hapana Mzungu. Mwenye kiwanja ni sisi, na mchoro tumeulipia.

Waulize waliofiwa katika vyumba hivyo maiti wao waliwaosha wapi. Zamani ufuo ulichimbwa nyumbani mwake mwenyewe. Katika ghorofa ya tatu maiti hushushwa ngazi apelekwe kuoshwa kwa watu.

Hata hivyo ghorofa na ua si maadui. Kiwanja cha Ngamiani kinaweza kubeba vyumba juu na ukumbi chini, na nyuma pakabaki ua wenye ukuta na kisima. Gharama yake ni kodi ya vyumba viwili vitatu ambavyo havitajengwa, na hilo ndilo la kumwambia mchoraji kabla hajashika kalamu.