Kazi ya Wi-Fi Hukaguliwa Kwenye Kichwa cha Waya

Kazi mbovu imesifiwa tena, na imenikera. Nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar: fundi kafunga kifaa cha Wi-Fi chenye antena sita pale mapokezi, kapima kasi akiwa amesimama chini yake, namba zikapanda, kapongezwa na kulipwa. Mgeni aliye nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa hapati kitu.

Antena usizihesabu. Wala usimsifu anayepandisha nguvu ya kurusha mpaka mwisho: simu itakisikia kifaa, lakini nguvu ya simu yenyewe ni ndogo na jibu lake halifiki. Alama za mtandao zimejaa, ukurasa haufunguki. Fundi wa kweli huvuta waya na kufunga kifaa kingine cha kurusha Wi-Fi (aksesi pointi) upande wa pili wa ukuta.

Kwenye waya huo ndipo fundi anapojulikana, na ndipo wateja wasipotazama kamwe. Omba uoneshwe kichwa chake, ile plagi ya RJ45. Ganda la nje liwe limeingia ndani ya RJ45 na kubanwa humo. Ukiona nyuzi za rangi zinachungulia nje, kazi haijaisha. Jozi za nyuzi zilizosokotwa zisifumuliwe kupita milimita 13. Nyuzi zote nane ziguse mwisho. Uzi wa buluu au wa kahawia ukilegea, mara nyingi taa inaendelea kuwaka na mtandao unapita, ila umeshuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, na lawama anatupiwa mtoa huduma. Mzee aliyenifundisha, Mombasa, alikuwa akikikata kichwa kinachofanya kazi kwa sababu jozi moja tu imefumuka zaidi ya nyingine, akaanza upya huku mteja akimharakisha.

Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukikuta weupe wa fedha, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Nimemsikia muuzaji akiapa kwa Mungu kwamba ni shaba tupu, boksi limeandikwa Cat6, na kisu kikamwumbua. Waya huo hupoteza umeme njiani. Aksesi pointi inayotegemea PoE, yaani umeme unaopitia waya huohuo wa mtandao, inajizima na kujiwasha, hasa watumiaji wakizidi.

Mengine ni mepesi. Kwenye 2.4 GHz, chaneli ni 1, 6 au 11, upana MHz 20. Aliyeweka 3 hajui kazi. Ruta mbili zisigawe anwani za IP kwenye mtandao mmoja. Waya wa nje uwe mweusi. Aksesi pointi ikae darini, si juu ya kabati. Kuficha jina la mtandao ni kujisumbua bure.

Enzi za ruta ya Linksys WRT54G, ile ya buluu na nyeusi, mafundi niliowajua hawakutoka nyumbani bila kipima waya. Leo wengi hawana.

Kwa hiyo, kabla hujalipa salio, nenda chumba cha mwisho, funga mlango, piga simu ya video. Ikikatika, mwite fundi afungue kichwa cha waya mbele yako.