Mogambo na Nyimbo za Mateka

Filamu ya Mogambo, iliyoongozwa na John Ford na kutolewa Marekani mwaka 1953, ina asili katika mchezo wa jukwaani wa Wilson Collison uitwao Red Dust, wa mwaka 1928. Mchezo huo ulihusu Wazungu katika shamba la mpira huko Indochina, koloni la Ufaransa. Mwaka 1932 ulifanywa filamu, Clark Gable akiwa mhusika mkuu. Miaka 21 baadaye Gable yuleyule aliirudia nafasi hiyo, sasa akiwa mwindaji wa Afrika Mashariki, akivutwa na wanawake wawili, mmoja wao mke wa mtu.

La kwanza kupimwa ni wepesi wa uhamisho huo. Hadithi iling'olewa Asia ikapandwa Afrika bila kupoteza hata jani. Iliwezekana kwa sababu wenyeji wa nchi zote mbili hawakuwa na neno ndani yake, walikuwa mandhari. Upigaji picha ulianza Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba. Filamu haina habari nayo.

Sifa yake nayo isemwe. Badala ya muziki wa okestra, Ford aliziacha ngoma na nyimbo za Waafrika zisikike zenyewe. Lakini Wasamburu, Wagenya na Wahaya wanatajwa kwa kabila tu, hali waigizaji Wazungu wana majina. Hapo twaikumbuka Zaburi ya 137: watekaji wanadai wimbo, wala hawaulizi mwimbaji analilia nini.

Toba nayo ni nyembamba. Kelly, aigizwaye na Ava Gardner, anamwendea Padre Josef kuungama. Dhambi ionekanayo ni ya mwanamume na mwanamke. Ile ya kuimiliki nchi ya mwingine haina wa kuitubia. Sisi tufundishwao kutofautisha Sheria na Injili tutambue kwamba Sheria inyamazayo juu ya jirani haijamaliza kazi yake.

Swali hili latufikia Singida. Kwaya zetu zinapochukua lahani ya Wanyaturu au Wanyiramba kwa ajili ya ibada, je, tumemwuliza mzee aliyeutunza wimbo ule maana yake? Lahani isiyo na mwenyewe yaweza kuipamba ibada kama ilivyoipamba filamu. Mchungaji hana budi kuuliza kabla kwaya haijasimama.